Teksi Huishia Kitooro

Msikilizaji, baada ya habari, tugeukie safari ya kwenda Uwanja wa Ndege wa Entebbe, takriban kilomita 40 kutoka katikati ya Kampala. Tangu 2018 tuna barabara ya mwendo kasi, na tangu Januari 2022 gari dogo huilipia shilingi 5,000. Mwenye gari hufika upesi. Je, asiye nalo?

Yeye huanzia stendi kuu ya zamani, hungoja viti 14 vya teksi, yaani basi dogo, vijae, kisha hupitia barabara kongwe ya Kajjansi. Teksi humshusha Kitooro, mjini Entebbe, kabla ya kufika uwanjani. Hapo mtazame binti anayekwenda kazini Uarabuni: sanduku limelazwa juu ya tangi la bodaboda, mbele ya dereva, naye amekaa nyuma, pasipoti ameikumbatia kifuani. Mvua ikinyesha, vyote vinalowa.

Sasa tupime: je, basi la umma lifike hadi uwanjani? Wapo wenye mashaka. Usalama wa uwanja si jambo la kuchezewa, na madereva wa magari ya kukodi wana familia za kulisha. Hoja hizo nazipokea. Lakini Nairobi, basi namba 34 huwafikisha abiria Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, na ukaguzi hufanyika vilevile. Basi la umma lenye ratiba na nafasi ya mizigo halidai barabara mpya. Barabara tunayo.

Basi nakuuliza wewe uliyewahi kuhesabu dakika ndani ya teksi isiyojaa: nani aanzishe basi hilo, serikali au wenye teksi, na nauli iwe kiasi gani?