Jina Jipya, Mmea Ule Ule
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

 

Tulianza akina mama 14, tukichanga shilingi 50 kwa wiki chini ya mwembe. Leo tuko 38, tuna sanduku la kufuli tatu, tuna akaunti ya benki, na tuna shamba letu la eka 3. Hayo mweka hazina ameyaeleza katika kurasa zake, hatutayarudia. Sisi twataka kuwaeleza jambo lililokaribia kutuvunjia kikundi, ambalo wengine mmelisikia nusu nusu sokoni. Heri mlisikie lote kutoka kwetu.

Mwaka 2023 alitujia bwana mmoja, nadhifu, mwenye maneno matamu. Akasema kampuni yake inatafuta shamba la kulima katani. Sisi wa huku Kilifi tukisikia katani twajua ni nyuzi za mkonge, na baba zetu wengi waliukata mkonge huo. Tukafurahi. Kumbe katani ya bwana huyu ni nyingine, ile ya ng'ambo iitwayo hempu. Tulipombana kwa maswali akakubali kwamba ni mmea mmoja na bangi, ila akasema huu haulewishi, wafanywa kamba, nguo, na mafuta ya kutuliza maumivu yaitwayo CBD. Kampuni itakodi eka zetu kwa shilingi 90,000 kwa mwaka, italeta mbegu, itanunua mavuno yote. Na asiyetaka kungoja mavuno, aanze kuuza chupa za mafuta hayo sasa hivi.

Wenzetu, kodi tuliyokuwa tukipata kwa mwenye kulima mahindi ilikuwa shilingi 12,000. Basi fikirini mkutano ule ulivyokuwa! Mama mmoja akasema, "Tumechoka na mahindi yanayokauka kila mwaka, Mungu ametufungulia mlango." Mwingine akasimama, akasema taratibu, "Mwanangu alifungwa kwa msokoto mmoja. Leo mwaniambia mimi nilime eka tatu?" Tukanyamaza wote.

Walikuwapo waliosema sheria imeshalegezwa, kwa kuwa katika uchaguzi wa 2022 Profesa George Wajackoyah alizunguka nchi nzima akiahidi bangi italimwa na kuuzwa nje. Ni kweli aliahidi. Lakini alishika nafasi ya tatu na kura zake hazikufika hata asilimia moja. Ahadi ya mgombea si sheria, hata angeshinda ingebidi Bunge likae.

Tukatuma watu watatu wakaulize kwa wakili anayesaidia wananchi bila malipo. Kabla hawajarudi, sisi viongozi tulikuwa tumeshafanya kosa, na leo twalikiri. Mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa shilingi 40,000. Pale kwenye fomu penye neno "biashara" aliandika "mafuta". Sisi tukadhani ni mafuta ya nazi au ya kupikia, tukatia sahihi! Pesa zote alimpa yule bwana, akapewa chupa. Baada ya wiki tatu simu ya bwana haipatikani, na mpaka leo haijapatikana. Chupa zikakaa chini ya kitanda, kuziuza aogopa, kuzitupa aona uchungu.

Wakili alitueleza hivi. Hapa Kenya sheria ya dawa za kulevya ni ya mwaka 1994. Sheria hiyo yasema mmea wa bangi ni mmea wowote wa jamii hiyo, hata uitwe kwa jina gani. Kwa hivyo jina la hempu halitukingi. Mwenye kuulima aweza kutozwa faini ya shilingi 250,000, au mara tatu ya thamani ya mmea wenyewe ikiwa ni zaidi, au afungwe hadi miaka 20, au yote mawili. Na sikilizeni hapa, akina mama: mwenye shamba anayeruhusu lilimwe naye ana kosa. Bwana angekuja na mbegu, angeondoka na gari lake, na hati ya shamba ingebaki na majina yetu. Mafuta nayo yakiuzwa kama dawa, yataka kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Zile chupa hazikuwa nacho. Wakili mwenyewe alitusaidia kuzisalimisha.

Tukamwuliza, mbona huko Marekani zauzwa madukani? Akacheka, akasema hata wenyewe wameumia. Mwaka 2018 sheria yao ya kilimo iliruhusu hempu, mradi kile kitu kinacholewesha, waita THC, kisizidi asilimia 0.3, yaani gramu 3 katika kilo moja ya mmea mkavu. Mkulima apanda mbegu nzuri, jua likiwa kali au akichelewa kuvuna siku chache, kipimo chapita. Hapo haruhusiwi kuuza mazao kama yalivyo, na huenda akalazimika kuyaharibu.

Kulima kukaruhusiwa, lakini kuuza mafuta kwenye chakula kukabaki kwenye giza. Sababu ni kwamba mwaka huo huo wa 2018 CBD ilikuwa imeidhinishwa kuwa dawa ya kifafa, na kwao kitu kilichokwisha kuwa dawa hakitiwi ovyo kwenye chakula. Kampuni ziliuza hivyo hivyo. Benki nyingine zikaogopa kuzihudumia. Mwaka 2019 watu wengi mno walilima, bei ikaanguka, na 2020 kampuni moja kubwa ya jimbo la Kentucky ikaingia mahakamani kwa kufilisika. Januari 2023 mamlaka yao ya chakula na dawa ikatamka kwamba kanuni zilizopo haziifai CBD, Bunge litafute njia nyingine.

Halafu Novemba 2025 ikatiwa sahihi sheria nyingine, kwamba bidhaa ya kuuziwa watu isizidi miligramu 0.4 za THC kwa chombo kizima. Huo ni uzito wa punje chache za chumvi. Wenye biashara walipewa mwaka mmoja tu kujipanga. Fikirini mtu aliyekopa akajenga kiwanda kwa sheria ya 2018! Hakuiba, hakudanganya, lakini sheria imemhama akiwa bado analipa deni.

Barani kwetu pia ziko nchi zilizofungua mlango. Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, Zimbabwe ikaruhusu 2018, Malawi ikatunga sheria 2020, Rwanda 2021 ikaruhusu kilimo cha dawa za kuuza nje. Lakini kote huko ni leseni, ada, ulinzi na vipimo, mambo ya wenye mtaji mkubwa. Mwenye mtaji mkubwa akikosea atafunga kampuni na kufungua nyingine. Sisi pesa yetu ni karo ya watoto na nauli ya hospitali. Hatuna ya kuchezea.

Hatusemi mmea huu hautaruhusiwa kamwe hapa kwetu. Bunge likibadilisha sheria tutakaa tena chini ya mwembe tuzungumze. Siku hiyo tutataka kuiona sheria yenyewe, na leseni yenye jina la mwenye kampuni, na mkataba uliosomwa na wakili wetu, si wake.

Kuhusu mwenzetu, wengine tulimsema vibaya sana. Wanachama watano walitoa akiba zao wakaondoka. Wadhamini wake wawili walisimama naye, naye akalipa kidogo kidogo kwa kuuza mahamri, mpaka akamaliza deni lote. Ametuidhinisha tuyaseme haya, na leo ameketi nasi. Wale watano, watatu wamerudi, na mlango haujafungwa kwa wawili waliobaki.

Tangu hapo tumeweka masharti matatu. Fomu ya mkopo hutaja bidhaa kwa jina lake kamili. Shamba halikodishwi mpaka zao lijulikane na wanachama wote wapige kura. Na biashara yoyote ambayo hatujui sheria yake, tunauliza kwanza, hata kama mgeni ana haraka. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Shamba letu msimu huu lina mihogo na kunde. Kodi si shilingi 90,000, lakini usiku twalala usingizi.