Mahali pa Kuonea Mlima

   Somo letu la leo ni habari za Zakayo wa Yeriko, katika Injili ya Luka, mlango wa 19. Mwenye Biblia na aifungue. Asiye nayo na asikilize tu, kwa maana habari hizi hata watoto wa shule ya Jumapili wanazijua.

Zakayo alitaka kumwona Yesu akipita mjini. Mambo mawili yalimzuia: watu walikuwa wengi, naye alikuwa mfupi. Angeweza kurudi nyumbani akasema kwamba siku ile haikuwa bahati yake. Hakurudi. Alifikiri njia itapitia wapi, akakimbia mbele ya watu, akapanda mkuyu. Na mkuyu ni mti gani? Si mti wa ajabu. Sisi twaujua sana, humea kando ya mito yetu, na wasafiri hupumzika kivulini mwake. Bila shaka watu wengi walipita chini ya mti ule siku ile, wala hawakufahamu ya kuwa ni mahali pazuri pa kuonea. Zakayo alifahamu.

Basi leo twataka kuzungumza juu ya mahali pa kuonea. Sisi watu wa pande hizi tumepewa jambo kubwa la kutazama, nalo liko nyuma ya nyumba zetu. Ni Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimaara na Waembu huuita Kirenyaa. Kilele chake cha Batian kina meta 5,199, cha Nelion meta 5,188, na cha Lenana meta 4,985. Watu huvuka bahari kuja kuutazama. Lakini ni wangapi kati yetu ambao humaliza mwezi mzima bila kuuona hata mara moja, nao wakaaji wa miguuni pake? Wazee wa Embu wa zamani walijenga nyumba zao milango ikielekea mlimani, ili mtu akitoka asubuhi aanze siku yake akiutazama. Sisi leo milango yetu yaelekea barabarani.

Tena kuna jambo la kushangaza. Mara nyingi wanaokaa karibu sana na mlima ndio wasiouona. Ukiwa juu kule penye chai, mpakani mwa msitu, mgongo wa kilima kilicho mbele yako na miti mirefu ya msitu hukuzibia. Waona kijani tupu na ukungu. Lakini shuka mpaka nchi kavu ya Mbeere, upande wa Siakago au Kiritiri, mahali ambapo watu hupanda mtama na ndengu na kungojea mvua kwa wasiwasi. Huko, asubuhi ya mwezi wa Januari isiyo na mawingu, mlima wasimama mzima mbele ya macho yako. Aliye mbali amepewa kuona kile ambacho jirani yake hakioni.

Habari hii ni ya kale. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu tarehe 3 Desemba 1849, naye hakuwa Meru wala Embu. Alikuwa Kitui, katika Ukambani. Nani aliyemwelekeza? Ni Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba. Yeye alimwambia ya kuwa uko mlima mkubwa, na ya kuwa hali ya hewa ikiwa safi, ataweza kuuona akipanda kilima kilicho karibu na kijiji chake. Tena alikuwako mtu kutoka Embu, jina lake Rumu wa Kikandi, aliyemweleza Krapf habari za ule weupe ulio juu na baridi yake. Krapf alipoandika habari hizi, wako mabingwa wa Ulaya waliokataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Hawakuwa wamefika. Bali mfanyabiashara wa Kitui na mtu wa Embu walikuwa wameijua kweli hiyo zamani, kwa sababu walijua pa kusimama.

Ndugu wapendwa, katika habari hizi twapata mafundisho matatu.

Fundisho la kwanza ni juu ya saa. Mlima una saa zake. Alfajiri hewa huwa imetulia, na jua linapochomoza, mnamo saa kumi na mbili na nusu, miali yake ya kwanza huvipiga vilele kutoka upande huu wetu wa mashariki. Kisha jua likipanda, hewa yenye unyevu hupanda pia kutoka msituni na mashambani, ikifika juu hugeuka mawingu, na kabla ya saa nne mara nyingi mlima umekwisha kujifunika. Kadhalika kuna miezi. Upepo utokao bahari ya Hindi huleta mawingu na mvua upande wetu, na mwezi wa Julai na wa Agosti tunakaa ndani ya ukungu. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuona. Anayeamka saa tatu akasema, "Mlima leo haupo," amekosea. Mlima ulikuwapo, yeye ndiye aliyechelewa. Zakayo alitangulia mbio. Wako watu ambao humtafuta Mungu saa ya mwisho, nyumba ikiisha kubomoka, ndipo waseme kwamba Mungu hakuonekana.

Fundisho la pili ni juu ya mahali. Wasafiri wa meli kubwa za abiria, zile zitiazo nanga Mombasa, watatuelewa hapa. Meli inapokaribia nchi kavu, abiria wote hupanda sitaha ya juu kabisa, wakasongamana kwenye reli hata mfupi asione ila migongo ya wenzake. Lakini katika meli nyingi kuna mahali pengine. Huenda pakawa na sitaha ndogo upande wa omo, chini ya chumba cha nahodha. Au pakawa na njia nyembamba pembeni, chini ya mashua za kuokolea. Au pembe moja ya tezi, ambapo mtu huona maji meupe yakibaki nyuma ya meli kama barabara. Mlango wa kwenda huko huwa mdogo, hauna mapambo, na wengi huupita wakidhani haufunguki. Anayepajua ni baharia asafishaye sitaha. Ukimwuliza kwa heshima, atakuonyesha.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Wageni hupelekwa mahali palipo maarufu. Kwenye njia ya Chogoria kuna jabali refu ambalo wapandaji hulijua kwa jina la Hekalu, nalo latazama chini kwenye ziwa Michaelson na bonde lake. Ni mahali pa ajabu kweli, lakini si kila mtu aweza kufika. Nyanya mwenye maumivu ya magoti hawezi. Mtoto wa miaka minne hawezi. Je, hao hawana mahali? Wanapo! Kuna kilima cha Karue, karibu na barabara ya kutoka Embu kwenda Runyenjes. Kuna Kiang'ombe huko Mbeere. Kuna barabara ya Timau penye mashamba mapana ya ngano, upande usiopata mvua nyingi, ambako mbingu huwa wazi zaidi. Na kuna mahali pengine pasipo na jina: kiwanja cha kituo cha majani chai, pembe ya uwanja wa shule, kona moja ya barabara ambapo miti imeachana kidogo. Mchuma chai apajua, kwa kuwa yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto apelekaye maziwa apajua. Basi tusiwapite hawa bila kuuliza. Na ikiwa mahali penyewe ni shamba la mtu, tubishe hodi kwanza, wala tusikanyage mimea yake wala kukata miti yake ili tuone vizuri. Zakayo hakuukata mkuyu, aliupanda.

Fundisho la tatu ni hili: mahali pa kuonea si pa kufichwa. Kivoi hakumficha mgeni kilima chake. Lakini sisi mara nyingi tukipata mahali pazuri twataka pawe petu peke yetu. Hata kanisani ni vivyo hivyo. Mtu amepata faraja katika msiba wake, amejua ni wapi pa kusimama hata akaona wema wa Mungu tena, lakini jirani yake analia usiku naye hamwambii neno. Je, ni haki? Mjane aliyepita bonde la kilio na akatoka, huyo ndiye awezaye kumshika mkono mjane wa jana na kumwambia, "Mama, njoo usimame hapa, hapa utaona."

Nasi yatupasa kuonyeshana upesi, kwa maana jambo lenyewe halitabaki kama lilivyo. Ule weupe ulioupa mlima wetu majina yake unayeyuka. Wapandaji wa kwanza waliofika Batian, mwaka 1899, walikuta barafu nyingi kuliko iliyopo sasa. Mto barafu wa Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, umebaki sehemu ndogo tu ya ulivyokuwa. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya huenda ikatoweka kabisa kabla ya mwaka 2050. Maana yake ni kwamba mtoto anayebatizwa leo huko Chuka au Nkubu, atakapokuwa mzazi, huenda akawaonyesha watoto wake mlima wa mawe matupu, na kuwaeleza kwa maneno ule weupe alioonyeshwa na mama yake. Lakini atawaelezaje kama hakuonyeshwa?

Tena si uzuri tu. Mvua na msitu wa mlima huu ndizo zinazoilisha mito yetu, Rupingazi na Thuci, Mutonga na Kathita, nayo yote humwaga maji yake katika mto Tana. Huko Tana maji yashukayo mlimani, kama ya Rupingazi, yamezungusha mitambo ya umeme ya Kindaruma tangu mwaka 1968, na ya Kamburu tangu 1974, na mengine yaliyofuata. Anayewasha taa Nairobi anautegemea mlima ambao huenda hajautazama. Na mtu hawezi kukitunza vema kitu ambacho hakitazami. Anayeuona mlima kila asubuhi ndiye atakayeuliza kwa nini msitu umekatwa upande ule, na kwa nini mto umepungua upande huu.

Lakini twajihadhari hapa, wapendwa. Mlima si Mungu. Mwandishi wa Zaburi ya 121 aliinua macho yake kwenye milima, lakini hakuishia hapo. Aliuliza msaada wake watoka wapi, na jibu lake likapita juu ya vilele vyote hata kwa yeye aliyeziumba mbingu na nchi. Macho yakiishia kwenye jiwe, hatujaona bado.

Na mwisho, tumkumbuke Zakayo mtini. Alipoitwa, hakujibu kwamba amepata mahali pazuri na angependa kukaa huko. Alishuka upesi. Alimkaribisha Bwana nyumbani kwake, akawapa maskini nusu ya mali yake, na wale aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Kuona kwake kulifika mpaka kwenye mfuko wake. Mti ulikuwa wa kuonea, na nyumba ikawa ya kutendea. Ndivyo itupasavyo na sisi tukishuka kilimani.

Basi juma hili twawaombeni jambo moja jepesi. Asubuhi moja amkeni mapema. Mwulizeni mchuma chai, au mchungaji wa mbuzi, au mzee wa kijiji: "Mlima waonekana wapi vizuri hapa kwetu?" Kisha mchukueni mtu mmoja ambaye hangefika peke yake, awe mtoto, mgonjwa, au mama mzee, mkampelekee kiti na blanketi ya kujifunika. Msiseme maneno mengi. Ngojeni pamoja mpaka jua litoke.

Tuombe. Ee Mungu Mwumba wetu, utusamehe kwa kuwa tumekaa karibu na kazi za mikono yako tusizitazame. Utuamshe mapema. Utufundishe kuwauliza wadogo, na kuwaonyesha wengine tulichokiona. Uuhifadhi mlima na msitu na mito yake kwa ajili ya watoto wetu. Na ukituita tushuke, utupe miguu myepesi. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.