Jua la Kanoni, mwezi wa London

Kwenye mkusanyiko wa London kabla ya Ramadhani, salamu peke yake zilichukua muda. Shikamooni wazee, Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Mzee wa Kanoni, Karagwe, aliwasimamisha waliotangulia kufika London, kisha kina mama wa jikoni, waliopigiwa makofi kuliko kamati. Ukumbi ulichanganya dini, kama kwao: mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, alikuta wafanyabiashara Waarabu, Waislamu, wameshapiga kambi Kafuro, hukohuko Karagwe.

Mzee akaingia kwenye Ramadhani kwa kisa cha redio. Utotoni, adhana ya magharibi ikitoka Dar es Salaam, alikimbilia bakuli la uji wa ulezi, mama akampiga kofi mkononi. Jua la Karagwe huzama karibu nusu saa baada ya la Dar, na mtu hufuturu kwa jua la alipo. Kwao, jirani na ikweta, linazama saa moja hivi ya jioni, mwaka mzima. Ughaibuni alikutana na Ramadhani ya Juni 2016: ndizi na maharage vimepoa mezani, saa mbili imepita, jua bado linang'aa dirishani! London lilizama saa tatu na ushei. Hapo, alikiri, alilia kwa kukumbuka nyumbani.

Ya vitendo aliyapitia mbiombio: nia iwekwe kabla ya alfajiri, daku isiachwe, mwenye kisukari amwone daktari mapema, mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kulipa baadaye. Zaka ya fitri hata hakuigusa.

Sauti ilipanda alipofika kwenye suala la mwezi mwandamo. Jioni ya 29 Shaabani unatafutwa. Usipoonekana, Shaabani inatimizwa siku 30. Wapo wanaongoja mwezi wa nchi yao, wapo wanaofuata ukionekana popote. Mwaka 2024 Saudi Arabia ilianza kufunga Jumatatu 11 Machi, Oman jirani yake Jumanne, na hakuna aliyemnunia mwenzake. Sasa nyie, aliuliza, mtaa mmoja, basi moja, mnanyimana salamu kwa sababu ya siku moja? Wengine waliinamisha vichwa. Karipio lilikuwa la haki: kila upande una wanazuoni wake, na kususiana hakuongezi thawabu.

Akaiomba kamati ikutane kabla ya 29 Shaabani, na futari ya pamoja iwe Jumamosi ya kwanza. Kila nyumba ilete sufuria moja, aliyeanza Jumatatu na aliyeanza Jumanne, na majirani Wakristo waalikwe.