"Stay" na "Remain": Vitenzi Viwili na Kura Mbili za Uingereza



Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutujia na jibu moja walilolikariri sekondari: "stay" na "remain" ni kitu kimoja, ila la kwanza ni la mazungumzo na la pili ni la barua rasmi. Wenzangu kadhaa huliongezea hoja ya asili. Wanasema "stay" ni Kiingereza cha kuzaliwa, na "remain" ni mgeni aliyetoka Kilatini. Jibu hilo ni kosa, na nitakaa nalo kwa kuwa linafundishwa.

Yote mawili ni wageni. Yote yalipitia Kifaransa cha kale, yote chimbuko lake ni Kilatini: "stay" kutoka "stare", kusimama; "remain" kutoka "remanere", kubaki nyuma. Maana ile ya kusimama bado i hai mahakamani, ambako "stay" ni amri ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu. Hakuna wakili anayeomba "remain".

Ama urasmi, upo, sikatai. Lakini andikeni kwa urasmi wote mnaoutaka kwamba waziri "stayed at the hotel", kisha kwamba "remained at the hotel". Sentensi ya kwanza yasema alifikia hotelini. Ya pili yasema wenzake walitoka, yeye hakutoka. Hilo si suala la adabu ya barua. Ni matukio mawili.

Nikiwa kidato cha pili niliandika kwamba maembe mawili "stayed" kapuni baada ya mengine kuliwa. Mwalimu alikata kwa wino mwekundu, hakueleza sababu. Sababu ni kwamba embe halina nia. Katika kutoa, kinachosalia hu-"remain". Anayeamua kutoondoka hu-"stay". Najua kuna mahali mipaka hufifia: mlango uliofungwa waweza kupewa kitenzi chochote kati ya hivyo, na mtu anayeambiwa atulie vilevile. Mfifio huo haufuti kiini.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni karatasi mbili za kura. Tarehe 5 Juni 1975 Waingereza waliulizwa kama nchi yao i-"stay" katika Jumuiya ya Ulaya. Asilimia 67 hivi walikubali. Tarehe 23 Juni 2016 waliulizwa kama i-"remain" kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au iondoke. Asilimia 51.9 walichagua kuondoka. Huenda sarufi ilichangia kubadilishwa kwa kitenzi, maana "remain" hubeba nomino kama "mwanachama" kwa wepesi, ilhali "stay" huona uzito. Tena matokeo yenyewe yana sababu nyingine: nchi ilikuwa imebadilika, uhamiaji ulikuwa ukijadiliwa kila siku, na swali la 1975 lilijibiwa kwa ndiyo au hapana. Hayo yote nimeyapima. Hata hivyo naamini kwamba waliotetea Ulaya mwaka 2016 walipewa kitenzi cha masalio, wakati wapinzani wao walipewa kitenzi cha mwendo.

Nawaomba watunzi wa kamusi zetu waache kuvirundika vitenzi hivi chini ya "kaa, baki". "Stay" wakipe "kaa" na "fikia"; "remain" wakipe "baki" na "salia", na kila kimoja kipewe sentensi yake ya mfano.