Nyuki, Mikorosho na Haki ya Jirani

(Muhadhara uliotolewa mbele ya Waislamu wa Nanyamba, Mtwara)

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wazee wetu, vijana, na akina mama mlio nyuma ya pazia:

Katika Qur'an imo sura ya 16 iliyoitwa kwa jina la mdudu ambaye wengi wetu humkumbuka anapotuuma au tunapotamani asali. Aya zake za 68 na 69 hutolewa darsa mara nyingi kwa ajili ya shifaa. Leo sitazungumzia asali. Nataka tuitazame kazi nyingine ya nyuki, isiyouzwa dukani, ambayo sisi watu wa huku tunakula kwayo.

Kichala cha mkorosho kina maua ya aina mbili: mengi ni ya kiume tu, na machache yana sehemu za kiume na za kike pamoja. Hayo machache ndiyo yawezayo kuwa korosho. Chavua yake inanata, upepo hauibebi vya kutosha; wabebaji ni wadudu, na nyuki wamo katika mstari wa mbele. Mkorosho waweza kuchanua hata wapita njia wakausifu, kisha maua yakapukutika bila tunda. Maboga na matango yana haja kubwa zaidi, kwa kuwa ua la kiume na la kike yako mbalimbali. Asipopita mdudu hakuna boga. Mahindi hutegemea upepo, na muhogo tunaupanda kwa vipande vya shina. Nimeyataja haya mawili ili asije mtu akasema natia chumvi.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeporomoka hadi tani 16,000 hivi. Watu walihamishiwa katika vijiji wakaacha mikorosho porini, bei ilikuwa duni, na ubwiriunga ukashambulia maua. Salfa ya unga, pamoja na utafiti wa Naliendele, ilisaidia sana kutunyanyua, hata msimu wa 2017/18 tani zikazidi 300,000. Neema hiyo hatuikani. Lakini salfa ni dawa ya ukungu. Tatizo langu ni sumu za kuua wadudu, zile tunazompulizia mbu wa mikorosho wakati huo huo maua yakiwa wazi. Sumu hiyo haimbagui nyuki. Inawaua pia majimoto, hao siafu wekundu wanaoshona majani, ambao watafiti wamethibitisha kuwa humwinda mbu huyo bila malipo. Basi mtu ananunua sumu kwa fedha yake ili amuue mlinzi wake!

Wala si jambo la kwetu peke yetu. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia mashambani sumu tatu za jamii ya neonikotinoidi kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki. Walipima kwanza, kisha wakazuia.

Sasa tuje kwenye sheria. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanyama wanne, na nyuki ni mmoja wao. Amepokea vile vile kisa cha kichuguu cha sisimizi kilichochomwa, na Mtume akakemea kuadhibu kwa moto. Vijana wetu wanaorina kwa kuutia moto mti mzima, wakateketeza nyuki na majana, wakaacha moto ukitambaa msituni, wajiulize wanasimama wapi. Moshi unatosha.

Ama mwenye mizinga, nyuki wake ni mali. Wanazuoni wa fikihi wamesema kuwa aharibuye mali ya mwingine kwa mkono wake hudhamini hata kama hakukusudia. Na aliyekuwa sababu tu hudhamini akiwa amevuka mpaka. Mtu akipuliza sumu saa nne asubuhi, jua limewaka na nyuki wamejaa mauani, hali ameshaambiwa kuwa jirani ana mizinga, mimi naona amevuka mpaka. Akasome mlango wa dhamana kabla hajasema "nilikuwa shambani kwangu."

Maua huanza kufunguka kwa wingi kuanzia Juni. Kwa hiyo kabla ya mwezi huo mwenye mizinga awajulishe majirani, na mwenye bomba aseme siku atakayopuliza. Salfa ya unga ibaki alfajiri, wakati wa umande na upepo umetulia. Sumu ya wadudu, ikiwa mbu ameonekana kweli kweli na si kwa mazoea, ipulizwe jioni karibu na Magharibi, nyuki wakiwa wamerudi. Shamba lenye majimoto wengi liachwe kwanza likaguliwe. Suala la kiasi cha fidia ya mzinga uliokufa tutalisoma katika darsa lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.