Watu wa Tanuru: Wayeyushaji na Wahunzi wa Buhaya
(Mada iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 13, imeandikwa habari ya fedheha iliyowapata Waisraeli. Katika nchi yao yote hakukuwa na mhunzi hata mmoja, na kila aliyetaka kunoa jembe au shoka alilazimika kuteremka kwa Wafilisti. Mashamba walikuwa nayo, na mikono walikuwa nayo. Walichokosa ni mtu mwenye ujuzi. Habari hiyo inawahusu watu wa Bukoba na Muleba, kwa sababu nchi hii nayo ilikuwa na mafundi wa chuma wenye sifa kubwa, na ujuzi wa tanuru ukakaribia kutoweka katika muda usiozidi umri wa mzee mmoja.

Kazi ya chuma katika Buhaya ni ya kale sana. Huko Kemondo, kando ya Ziwa Viktoria, wanaakiolojia wakiongozwa na Peter Schmidt walifukua matanuru yaliyotumika katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Katuruka, katika eneo la Maruku, ulikuwapo mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina linalotaja mahali pa kufulia chuma. Mapokeo ya wazee yaliuhusisha mti huo na mtawala Rugomora Mahe, wa karne ya 17, aliyejenga makao yake hapo. Uchimbaji ulipofanyika karibu na mti, yalipatikana mabaki ya kazi ya chuma ya zamani zaidi kuliko mtawala huyo kwa karne nyingi. Wazee hawakuwa na maandishi, lakini kumbukumbu yao ilielekeza jembe la mtafiti mahali penyewe.

Tanuru halikuwa kazi ya mtu mmoja. Wapo waliochimba mawe ya chuma na kuyachoma kwanza ili yawe tayari. Wapo waliokata miti na kuchoma makaa. Wengine walifinyanga mirija ya udongo ya kupitishia hewa, na wengine walitengeneza mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Shimo la tanuru lilisiliba udongo wa kichuguu, kwa kuwa udongo huo huvumilia moto, kisha likajazwa nyasi za kinamasi zilizochomwa zikawa makaa meusi. Juu yake ulijengwa mnara mfupi kwa udongo huo huo na mabonge ya mavi ya chuma yaliyobaki kutoka kazi zilizopita. Mirija minane iliingizwa kuzunguka tanuru, kila mmoja na mvukuto wake, na wavutaji walipokezana kwa saa nyingi, wakiimba ili mapigo yao yaende pamoja. Mavi ya chuma yaliyeyuka na kushuka kati ya nyasi, na chuma kikabaki bonge. Hapo ndipo mhunzi alipolipokea, akalipasha moto na kulipiga nyundo juu ya fuawe mpaka uchafu ukatoka.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko. Tanuru lilihesabiwa kama mwanamke anayetarajia kuzaa, na msimu wa kuyeyusha mafundi walilala mbali na wake zao. Wanawake hawakuruhusiwa kukaribia. Chini ya tanuru lilichimbwa tundu la kuwekea dawa. Waliopokea Injili waliyaacha mambo hayo, na walikuwa na sababu zao. Hata hivyo mwiko ni jambo moja na ujuzi ni jambo jingine, na si haki fundi asahauliwe kwa sababu ya dawa iliyofukiwa tanuruni. Askofu Josiah Kibira, katika kitabu chake juu ya Kanisa na ukoo kilichotoka mwaka 1974, alionyesha kwamba Mkristo wa Buhaya hawezi kueleweka pasipo ukoo uliomlea.

Faida ya kazi hiyo ilionekana katika kila kaya. Tangu Kiziba upande wa kaskazini hadi Ihangiro, ambayo leo imo Wilayani Muleba, kibanja cha migomba kilitunzwa kwa jembe na kisu. Mchonga mitumbwi alihitaji shoka na tezo. Hata mtengenezaji wa nguo za magome alihitaji makali ya kulibandua gome bila kuuua mti. Jembe lilitolewa pia kuwa mahari. Nyuma ya kila fundi alisimama mhunzi, na nyuma ya mhunzi walisimama watu wa tanuru.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaleta bidhaa za Ulaya mpaka Bukoba. Majembe ya dukani yalipatikana bila makaa wala miiko. Wamisionari wa Betheli walipowasili Bukoba mwaka 1910, matanuru yalikuwa yanaelekea kuzimwa. Wahunzi waliendelea kufua vyuma chakavu, lakini kuyeyusha mawe kulikoma, na vijana hawakufundishwa tena.

Mwaka 1976 wazee waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani waliombwa na watafiti kujenga tanuru upya. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 50. Mwanzoni kazi iliwashinda. Mmoja alikumbuka hili na mwingine lile, na ilibidi wajaribu tena, wakisahihishana, mpaka chuma kikapatikana, na ndani yake chuma cha pua. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza matokeo hayo katika jarida la Science. Walieleza kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine wamelipinga jambo hilo. Lakini hakuna anayepinga kwamba wazee wale walitoa chuma kizuri kutoka katika mawe ya nchi yao.

Laiti wangeulizwa miaka michache baadaye, pengine asingepatikana wa kujibu. Mwaka huo huo wa 1978 vita viliingia Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu, na ugonjwa huo ukavunja mnyororo wa masimulizi katika familia nyingi: waliopaswa kusikia walitangulia kabla ya waliopaswa kusimulia. Kuanzia mwaka 2008 wanakijiji wa Katuruka wenyewe walianza kukusanya habari zilizosalia, na ikadhihirika kwamba akina mama wazee walihifadhi mengi ambayo hawakuwahi kuulizwa.

Miaka 100 ya Usharika ni mifupi mbele ya miaka 2,000 ya tanuru, lakini hatari ni ile ile. Waliofyatua matofali ya kanisa la kwanza, waliochonga mabenchi na walioshona majoho walikuwa na majina na ujuzi. Katika kila mtaa wa Usharika bado yupo mzee anayekumbuka baadhi yao. Kijana aende na daftari, akae karibu naye, aulize jina la fundi na namna kazi ilivyofanyika, wala asimpite bibi aliyekaa jikoni. Wazee wa mwaka 1976 walifanikiwa kwa sababu walikuwa bado wengi wa kutosha kukumbushana.