Chakula cha Nyumba Yenye Kazi Nyingi

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya chakula. Si chakula cha karamu, bali kile kipikwacho jioni, mama ametoka shamba, baba ametoka kazini, na watoto wanalia njaa.

Katika nyumba kama hiyo neno la kwanza ni kujaza tumbo upesi. Ugali husongwa, mchuzi mwepesi hufuata, watu hula, hushiba, hulala. Hatusemi kwamba ugali ni mbaya. Ndio utupao nguvu ya kushika jembe. Lakini kushiba kwa tumbo ni jambo moja, na kushiba kwa mwili ni jambo jingine. Haya hatukuyapata vitabuni tu. Tuliyaona nyumbani mwetu.

Miaka iliyopita mtoto wetu aliachishwa ziwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa mamaye alikuwa na mimba nyingine. Sisi ni walimu. Ubaoni tulikuwa tukiandika majina ya vyakula bora, na wanafunzi wakiyanakili. Nyumbani, kwa wingi wa kazi, mtoto alipewa ugali na mchuzi kama watu wazima, mara mbili kwa siku. Baada ya miezi michache mashavu yake yakajaa na miguu ikawa minene, nasi tukafurahi, tukasema, "Mtoto ananenepa." Lakini alikuwa hachezi tena, na nywele zake zilikuwa nyepesi, zimeanza kuwa nyekundu. Tulipompeleka hospitali, mwuguzi aliubonyeza mguu wake kwa kidole. Alipokiondoa, shimo likabaki. Hakunenepa hata kidogo. Alikuwa na ugonjwa wa unyafuzi.

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za ugonjwa huo kwa jina la wenyeji wa huko, kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto mdogo wake anapozaliwa. Jina hilo laonyesha kwamba wazazi wa kule walikwisha kuitambua saa ya hatari: ni pale mtoto aachapo maziwa ya mama, asipate kitu cha kushika mahali pake.

Mtoto wetu alipona, nasi tukabadili mambo jikoni. Haya tuyafanyayo hayataki fedha nyingi wala saa nyingi.

Kwanza, maharage huyaloweka usiku tulalapo. Asubuhi maji yale humwagwa, na maharage huiva mapema, kuni zikapungua. Lakini sharti yachemke sana mpaka yalainike, maana maharage yasiyoiva huumiza tumbo.

Pili, siku ya mapumziko twakaanga karanga na kuzitwanga. Dagaa wakavu nao huchambuliwa, huoshwa, hukaangwa mpaka wakauke, kisha hutwangwa. Unga huo huwekwa katika chombo chenye kifuniko, na jioni kijiko kimoja hutiwa katika uji wa mtoto au katika mboga. Dagaa huliwa na miiba yake, nayo huimarisha mifupa na meno. Karanga zenye ukungu tusizionee huruma. Zitupwe, maana zaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Tatu, mchicha, matembele na majani ya maboga huoshwa kabla ya kukatwa, hupikwa kwa maji machache na kwa muda mfupi. Yatiwe karanga au mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini A, ilindayo macho, haiingii vema mwilini pasipo mafuta. Kisamvu ndicho kitakacho kutwangwa na kuchemshwa sana, kwa sababu ya sumu yake.

Nne, ikiwa mahindi ni yenu, sageni dona. Msikoboe kiini na kukiacha kwa kuku. Tena kuleni chungwa au pera pamoja na chakula, na chai ingoje kwanza, kwani chungwa husaidia mwili kupata madini ya chuma kutoka mboga na maharage, na chai huyazuia.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni sahani ya mtoto. Watu wakila katika sinia moja, mkono mwepesi ndio ushibao, na mkono wa mtoto si mwepesi. Mpeni sahani yake, mkaone kiasi alichokula. Tumbo lake ni dogo. Baada ya kutimiza miezi tisa ale mara tatu au nne kwa siku, na ziwa aendelee nalo mpaka miaka miwili au zaidi. Yai likipatikana, apewe yeye na mama mjamzito; miiko ya kuwanyima mayai imewadhuru wengi. Na mkiona miguu imevimba, msingoje kesho, mpelekeni hospitali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu tulikuwa tukiutazama kila siku, tukauita unono. Basi usiku huu, kabla ya kuzima taa, lowekeni kibaba cha maharage. Kesho jioni kazi itakuwa imekwisha kupungua.